Kumsemea Fundi Mkasi

Swali lililoninyima usingizi mwaka huu lilikuwa hili. Baba yangu aliwaambia watu kwa miaka mingi kwamba muuaji mmoja wa kwenye filamu anaua kwa uchungu wa mtoto wake aliyekufa. Mimi najua kwamba filamu haikusema hivyo hata mara moja. Sasa nikikalia kiti chake, niseme aliyoyasema yeye au niseme yanayosemwa na filamu?

Nikilieleza hivi linaonekana swali la mchezo. Wenzangu niliomaliza nao chuo walikuwa wakikosa usingizi kwa mambo yanayoeleweka: usaili ambao hawakuitwa, barua ambazo hazikujibiwa. Hayo na mimi nilikuwa nayo. Lakini nilipofumba macho, aliyekuja ni mtu mrefu mwenye mkasi, kasimama mlangoni, anangoja nimwambie yeye ni nani.

Nyumba yetu iko Ng'ambo, nyuma ya majumba ya Michenzani. Chumba chake cha mbele, kinachofungukia njiani, kilikuwa banda la video. Palikuwa na mabenchi, televisheni juu ya kabati lililokatwa miguu, spika mbili, na feni moja iliyompepea baba peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kazini. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Alikaa ubavuni mwa televisheni, kipaza sauti mkononi, akaipunguza sauti ya filamu mpaka ikawa kama watu wanaogombana nyumba ya tatu, kisha akasema yeye. Alimsemea mwanamume, akamsemea mwanamke, akamsemea polisi, hata mbwa.

Mtu asiyewahi kuingia kwenye banda kama lile atadhani kutafsiri ni kugeuza maneno. Kwetu mtafsiri ndiye aliyeamua nani ni nani. Baba akiona watu wamepotea, alinyanyua mkono wa kushoto, kiganja chini, kama anayewaambia wakae, na chumba kizima kikanyamaza. Hapo akasimamisha picha na kueleza mambo yaliyotokea kabla, ambayo filamu haikuyaonyesha. Nadhani watu walikuja kwa ajili ya hapo zaidi kuliko kwa ajili ya filamu yenyewe.

Mimi sikuruhusiwa kuingia. Banda lilikuwa la wanaume, na filamu zilizopendwa zilikuwa za wauaji na damu. Lakini kati ya chumba kile na ukumbi wetu palikuwa na mlango usio na ubao, una pazia tu, na mimi nilikaa nyuma ya pazia nikifanya kazi zangu za skuli. Hivyo filamu zote za utotoni mwangu nilizisikia. Sikuiona hata moja.

Wauaji wa filamu zile hawafi. Wanachomwa moto mwisho wa filamu ya kwanza, na ya pili ikianza wameshasimama. Watafsiri wa hapa mjini walikuwa na desturi yao juu ya watu hawa. Aliyemtafsiri muuaji mwanzo, huyo ni wake. Mwengine hamgusi, hata filamu ya tano ikimwangukia mkononi; ataipeleka kwa mwenyewe. Hapakuwa na karatasi wala mkubwa wa kusimamia, lakini kumsemea muuaji wa mwenzako ilikuwa aibu, kama kwenda harusini na kanzu ya jirani bila ya kumwomba.

Wa baba alikuwa Fundi Mkasi. Huko alikotengenezwa ana jina lake, ila hapa hakuna aliyelijua. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa na utepe wa kupimia shingoni. Baba alimpa sauti ya chini, ya adabu, kama mafundi wa Darajani wanavyozungumza na wateja wa kike. "Simama wima, bibie, nkupime." Maneno hayo yalienea Ng'ambo nzima, na mafundi wa kweli walitaniwa kwayo mpaka wakachoka. Na katika kila filamu, mahali fulani katikati, baba alinyanyua mkono wake, akasimamisha picha na kueleza: Fundi alikuwa na binti mmoja. Alimshonea gauni la sikukuu. Binti akaumwa, akafa, gauni likabaki bila ya mtu wa kulivaa. Tangu siku hiyo Fundi anamtafuta ambaye gauni lile litamkaa sawasawa, na hampati. Nyuma ya pazia nilisikia wanaume wazima wakivuta pua.

Muuaji mwengine mkubwa alikuwa Mzamiaji, mtu aliyekufa chini ya bahari akarudi na kofia yake ya shaba ya kuzamia, maji yakimtiririka popote anapokwenda. Huyo alikuwa wa mtafsiri wa Malindi, kule Mji Mkongwe, rafiki wa baba tangu ujana wao. Mimi namwita ami ingawa hatuna udugu wa damu.

Chuo nilisoma Bara, shahada ya lugha, na somo nililolipenda kuliko yote ni tafsiri. Mwaka wa pili mwenzangu mmoja wa bwenini alikuwa na filamu ya kwanza ya Fundi kwenye kompyuta yake. Nikajigamba. Nikawaambia hii naijua kwa ghibu, nikawasimulia binti, gauni na sikukuu, wakakaa tayari na leso zao kwa utani. Kisha tukaangalia. Hakukuwa na binti. Hakukuwa na gauni wala sikukuu. Fundi hakuwa na adabu yoyote. Alitukana wanawake na kucheka, na pale ambapo baba alisema "Simama wima, bibie," yeye alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wenzangu wakanitazama. Nikasema nimechanganya, labda ni filamu nyengine. Nikaenda msalani, nikakaa huko mpaka ikaisha.

Tangu siku hiyo nikawa na jambo ambalo sikujua niliweke wapi. Baba hakujua Kiingereza. Au alikijua akaamua kudanganya, na hilo lingekuwa baya zaidi, au pengine zuri zaidi, sikuweza kuamua. Kila likizo nilirudi nyumbani nikamtazama anakula, nikataka kumuuliza, nikasema nitamuuliza kesho. Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha akapata kiharusi.

Upande wa kulia ukalala. Maneno yakaondoka yote isipokuwa moja. Ukimwita anaitika, "Naam." Ukimuuliza kama anataka chai, "Naam." Ukimuuliza kama hataki, "Naam." Mama akimtazama usoni hujua anachotaka. Mimi nikimtazama naona maana sita, na zote zinanilaumu.

Banda likafungwa. Kwa kweli lilikuwa limeshaanza kufa kabla yake, kwa sababu kila mtu ana filamu zake kwenye simu. Mabenchi yakasogezwa ukutani, mama akaweka madumu ya maji.

Mwaka huu ikatoka filamu ambayo watu wa mabenchi yale walikuwa wakiibishania tangu wadogo, kabla hata haijafikiriwa na wenyewe: Fundi Mkasi na Mzamiaji ndani ya filamu moja, wanapigana. Habari aliileta kinyozi ambaye duka lake limegusana na ukuta wetu. Alikuja na wenzake watatu, wanaume wenye watoto wao sasa, wakavua viatu, wakakaa kwenye mkeka, mikono wameiweka magotini. Mama aliniambia baadaye, huku akicheka, kwamba kwa dakika nzima alidhani wamekuja kuniposa.

Walitaka banda lifunguliwe alasiri moja tu. Baba akae mbele ya watu wake. Ami aje kutoka Malindi amsemee Mzamiaji wake, maana hakuna njia nyengine, wauaji wawili wa watu wawili hawawezi kusemewa na mtu mmoja. Na Fundi nimsemee mimi. Mimi ndiye mrithi, na mimi ndiye mwenye Kiingereza cha chuo. Nikasema banda ni la wanaume. Mama akasema nitakaa nyuma ya pazia, kwani nilikuwa nakaa wapi siku zote? Baba tukamuuliza. "Naam," akasema.

Wakati wa kuondoka kinyozi alibaki nyuma akivaa kandambili zake.

"Nshaziangalia zile za zamani kwa simu," akaniambia, "zenye maandishi chini. Babako katupiga kamba, bibie. Kamba tupu." Akacheka, si kwa ubaya. "Sasa wewe msomi utatwambia kweli."

Akanikabidhi filamu kwenye flashi.

Niliiangalia peke yangu, mchana, mlango nimefunga, spika za masikioni. Ilipofika kwenye theluthi ya mwisho, Mzamiaji amembana Fundi ndani ya tumbo la meli mbovu, na Fundi, kwa mara ya kwanza katika filamu zake zote, anaeleza alikotoka. Anasema alikuwa na binti. Nilisimamisha picha, nikasimama, nikazunguka chumba. Nilidhani baba alikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba aliona kitu ambacho hata waliomtengeneza Fundi walichelewa kukiona. Nikakaa tena, nikabonyeza. Fundi akasema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemuua binti yule, kwa mkasi uleule, na kwamba hakuumia hata kidogo. Picha ikaonyesha kitanda kidogo, gauni limetundikwa, na yeye amekiinamia kitanda anacheka.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika kabisa. Nikisema kweli, Fundi wa baba anakufa mbele ya baba, na baba hana neno la kujitetea. Nikisema uongo, kinyozi yuko benchi la mbele, na anajua kusoma maandishi ya chini. Wengine nao wanajua. Watamcheka mzee aliyekaa hawezi hata kufuta mdomo wake. Nilifikiria kukataa. Nilifikiria kujitia naumwa siku hiyo. Nilifikiria kuikata sehemu ile kwenye kompyuta, nikajifunza hata namna ya kuikata, kisha nikawaza kwamba Fundi na Mzamiaji watakuwa wanapigana bila ya sababu, na kinyozi atauliza.

Mwisho nikajiambia kwamba aibu ni ya baba, kwa hiyo uamuzi ni wa baba. Lazima ajue kwanza. Niliona fikra hii ni ya haki na ya kiungwana, na niliifurahia. Naiandika hapa ili nisisahau jinsi nilivyoifurahia.

Mama ni mtu wa Kidichi. Kila mwezi tunampeleka baba huko kwa bibi, kuna mwanamke anayemchua kwa mafuta ya karafuu. Baada ya kuchuliwa nilimkalisha kwenye kiti upenuni, karafuu zimeanikwa mbele yetu kwenye majamvi, nikafungua kompyuta magotini mwangu. Nikamwambia, "Baba, leo mimi ndiye mtafsiri." Akatabasamu kwa upande mmoja.

Nilitafsiri kila kitu. Matusi sikuweza kuyatamka mbele ya baba yangu, kwa hiyo nilisema tu, "Hapa katukana," na tena, "Katukana," na mara ya tatu mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Sikuwa nimemwona akicheka tangu augue. Nikapata moyo. Ilipofika ile sehemu ya meli sikupunguza kasi wala kulainisha. Nilitafsiri neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. "Nilimkata mwenyewe. Sikuumia."

Baba akasema, "Naam," polepole, kama anayeitika mtu aliye mbali. Akafumba macho, hakuyafumbua mpaka filamu ikaisha.

Siku tatu baada ya hapo hakupokea kitu kutoka mkononi mwangu. Nikimletea uji aligeuza kichwa. Mama akilichukua bakuli lilelile, alikunywa. Mama aliniuliza nimemfanya nini. Nikasema nimemwonyesha filamu.

Siku ya nne nikaenda kwa ami. Siku hizi anauza juisi ya miwa Forodhani. Nilimkuta kabla ya magharibi, wauzaji wa samaki na pweza bado wanapanga meza zao, yeye anapangusa mashine yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia yote, haraka haraka na bila ya mpango, kuanzia bwenini mpaka Kidichi, na hasa lile nililokuwa sijamwambia mtu, kwamba baba hakujua Kiingereza. Alinisikiliza huku akipitisha muwa kwenye mashine, akaukunja, akaupitisha tena na ndimu na tangawizi.

"Mzamiaji wangu," akasema, "umewahi kumsikia akisema?"

Nikasema hapana, hasemi.

"Filamu zote zile. Hata neno moja?"

"Hata moja, ami."

"Na wewe na usomi wako hukujiuliza kwa nini nlimchagua yeye."

Akanipa glasi. Akaniambia kwamba yeye na baba wote wawili waliacha skuli mapema, na walichokijua kwa Kiingereza ni kusalimia watalii. Kanda zilipoanza kuja, watu walitaka watafsiri na wao walitaka kazi. Yeye akamshika muuaji asiyesema, akawa anawaeleza watu fikra zake tu, na fikra za mtu hakuna anayeweza kuzisahihisha.

"Babako kamchukua anayesema. Nkamwambia, mwenzangu, utaumbuka. Kanambia, ntamtazama usoni, ntajua anasema nini."

Nikamuuliza kwa nini basi aliona binti kwenye uso ule. Kwa nini gauni. Ami aliacha kuzungusha mashine.

"Hivi wewe hawajakwambia?"

Nilijua kwamba kabla yangu alizaliwa dada yangu akafariki mdogo. Tunamsomea dua kila sikukuu. Sikujua zaidi, kwa sababu nyumbani hakuna anayezungumza zaidi. Ami aliniambia kwamba alikufa siku chache kabla ya Idi, kwa homa, na kwamba gauni lake lilikuwa kwa fundi, Darajani. Baba ndiye aliyekuwa aende kulichukua jioni ile. Hakwenda tena. Wiki zilezile ndipo kanda ya kwanza ya Fundi ilipomfikia.

"Ile njia ya mafundi," ami akasema, "mpaka alipopata maradhi haya hajaipita. Akizunguka kwa nyuma. Hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani anakwepa jua.

Nikakaa kwenye ukingo wa bustani na glasi yangu, sikuweza kuinywa. Nilikuwa nimemkalisha baba yangu kwenye kiti, hawezi kuinuka, nikamsomea kwa sauti nzuri, na kwa usahihi wote niliofundishwa, kwamba baba wa gauni lile alimuua mwanawe mwenyewe na hakuumia. Nilidhani namheshimu.

Nikamuuliza ami nifanye nini siku ya filamu. Akasema yeye muuaji wake hasemi, kwa hiyo hana la kunifunza.

Nyumbani nilikaa miguuni pa baba nikamwomba radhi. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa najua, lakini nikaona nikisema sikuwa najua nitakuwa najitetea, na nikisema sasa najua nitakuwa nimelitaja gauni. Kwa hiyo nilisema, "Nisamehe, baba," tu, nikabusu mkono wake wa kushoto. Akasema neno lake. Kesho yake alipokea uji kwangu. Nusu bakuli.

Niliandika karatasi mbili za ile sehemu ya meli. Moja ilikuwa na maneno ya filamu. Nyengine ilikuwa na maneno ya uongo mzuri, Fundi anaota ndoto mbaya kwa kujilaumu. Niliiandika mara tano na kila mara niliiona inakubaliana na picha, na kila mara nilimsikia kinyozi akicheka. Nilipanga kuchagua nikifika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Madumu yalitolewa, mabenchi yakafutwa. Sikuwa na hakika kama baba atataka kutoka. Mama alipomwendea na kandambili, alitangulia kuutoa mguu wake mzima. Tulimweka kwenye kiti chake kile cha zamani, mlangoni hasa, pazia likimgusa bega, nusu yake upande wa watu na nusu upande wangu. Mimi nilikuwa ndani na kompyuta, waya umepita chini ya pazia kwenda kwenye televisheni. Ami alikataa kukaa ubavu wa kushoto wa televisheni, alipokuwa akikaa baba. Akataka kigoda, akakaa upande wa pili.

Watu walijaa. Niliwasikia wakimwamkia baba mmoja mmoja, na yeye akiitika, na hapo neno lake lilitosha kabisa.

Nilianza vibaya. Sauti yangu ilitetemeka, mtu mmoja akasema waziwazi kwamba Fundi ana baridi. Kisha Fundi akatokea kwa mara ya kwanza, mlangoni kwa mwanamke anayevaa, akatamka tusi lake. Nikashusha sauti mpaka chini, kama nilivyoisikia miaka yote nyuma ya pazia lilelile. "Simama wima, bibie, nkupime." Chumba kizima kilisema pamoja nami. Waliijua mpaka pumzi zake. Baada ya hapo sikuogopa kwa muda. Ami alimpa Mzamiaji fikra nzito za mtu aliyechoka na maji. Alisema Mzamiaji anajiuliza kwa nini wenye nchi kavu wanaogopa kufa ilhali hawajawahi kulowa, na watu wakacheka, na mabega ya baba yakatikisika.

Kisha meli mbovu. Fundi kabanwa. Nikaweka karatasi zangu mbili juu ya kompyuta. Fundi akafungua mdomo, akaanza kusema alikuwa na binti. Nikasema, "Nilikuwa na binti," kwa sababu mpaka hapo filamu na baba walikuwa wanasema jambo moja.

Nikauona mkono wa baba wa kushoto. Ulinyanyuka taratibu, ukasimama hewani pembeni mwa pazia, kiganja chini.

Nikasimamisha picha. Wote kule mbele waliijua ishara ile, na wote walijua kwamba mwenye mkono hawezi kusema. Mkono haukushuka. Sikuona uso wake, na kwa mara ya kwanza sikutafuta maana sita. Nilizigeuza karatasi zote mbili, maandishi chini, nikakisogeza kipaza sauti.

"Filamu inasema Fundi alimuua mwanawe," nikasema. "Mimi nimesoma, najua Kiingereza, na hivyo ndivyo inavyosema. Anayetaka hiyo aiangalie kwa simu, inasema kweli yao. Fundi wa nyumba hii hakumuua mtoto. Mtoto aliumwa homa. Gauni lilikuwa tayari, na hakuna aliyeweza kwenda kulichukua."

Kisha ami, kwa sauti ya Mzamiaji, ile ya chini ya maji, akasema kwamba Mzamiaji anamtazama Fundi na anawaza: huyu namjua tangu zamani, na anavyosema ndivyo ilivyokuwa.

Kinyozi, kutoka benchi la mbele, akasema, "Endelea, bibie."

Mkono wa baba ukashuka, ukakaa kwenye goti lake. Nikaizima sauti ya filamu kabisa, nikabonyeza, picha ikaanza kwenda, na nikamsemea Fundi mpaka mwisho.